Anayeuguza Naye Apewe Elimu na Kazi

Katika kila kituo cha afya nchini wapo watu wanaofanya kazi ya tiba usiku na mchana bila majina yao kuandikwa katika orodha ya mishahara. Ni mama anayemkumbatia mtoto njiti, mke anayemkumbusha mumewe kumeza dawa za kifua kikuu, kijana anayemgeuza baba yake kitandani, na bibi anayekoroga uji wa mjukuu anayeharisha. Mganga humwona mgonjwa kwa dakika chache. Hawa hukaa naye kwa wiki na miezi. Hata hivyo, katika mipango mingi ya afya watu hawa huhesabiwa kuwa ni wageni, ambao mahali pao ni nje ya wodi mpaka saa ya kutazama wagonjwa itakapofika.

Leo tunapenda kulizungumzia jambo hili kwa kuitazama Kamsamba, kwa sababu huko ndiko ukweli wake unakoonekana bila kifuniko. Kamsamba iko bondeni, wilayani Momba, mkoani Songwe, kando ya Mto Momba unaomwaga maji yake katika Ziwa Rukwa. Msafiri anayetoka Tunduma huteremka kutoka nyanda za juu hadi kwenye joto la bonde, kwenye mashamba ya mpunga na ufuta na malisho ya ng'ombe. Mkoa wa Songwe ulipoanzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, utawala ulisogea karibu zaidi na wananchi. Mwaka 2019 likazinduliwa daraja la Mto Momba linaloiunganisha Kamsamba na upande wa Mkoa wa Rukwa. Haya ni maendeleo makubwa, na anayeyabeza hawatendei haki wananchi waliokuwa wakihangaika na mto huo.

Lakini daraja peke yake halimnyweshi mtu dawa. Mgonjwa akisharuhusiwa na kurudi kitongojini, na mvua za masika zikishaharibu njia, mganga hayupo tena karibu. Aliyebaki karibu ni ndugu yake. Ikiwa ndugu huyo alielezwa vizuri la kufanya, mgonjwa ana nafasi ya kupona. Ikiwa hakuelezwa, au alielezwa harakaharaka kwa maneno asiyoyaelewa, jitihada zote za kituo huweza kupotea kabla mpunga haujaiva. Kwa hiyo basi, suala la kuwashirikisha wagonjwa na wanaowauguza si la adabu na ukarimu peke yake. Ni suala la uhai na kifo.

Rai ya kuwashirikisha wananchi katika afya si ngeni katika nchi yetu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kujadiliana na kutenda. Mwaka 1978 mkutano wa Alma-Ata ulitamka kwamba kushiriki katika kupanga na kutekeleza huduma za afya ni haki ya wananchi na ni wajibu wao pia. Mwaka 1983 mkoa wa Iringa ulianzisha mpango wa lishe ambao wanavijiji wenyewe waliwapima watoto uzito, wakajadili sababu za udhaifu wao, kisha wakaamua la kutenda. Katika miaka mitano hivi utapiamlo mkali katika vijiji hivyo ulishuka kutoka karibu asilimia 6 hadi karibu asilimia 2.

Tatizo ni kwamba neno "ushirikishwaji" limetumika sana hata likachakaa. Kila mradi hulitamka, kila taarifa hulinakili, na mara nyingi maana yake huishia katika mkutano, karatasi ya mahudhurio na hotuba. Tunachohitaji sasa ni kuuliza swali la mkulima anayechagua mbegu: ni ipi iliyokwisha kujaribiwa ikaota, na ni ipi iliyooza ardhini? Bahati njema ni kwamba majaribio ya kutosha yamekwisha kufanyika, mengine hapa hapa Tanzania.

Tuanze na kifua kikuu, kwa kuwa katika jambo hili nchi yetu ilikuwa mwalimu wa dunia. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na kazi iliyofanywa hapa chini ya ushauri wa Dk. Karel Styblo ndiyo iliyokuja kuwa msingi wa mkakati uliosambazwa na Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1990. Kiini cha mkakati huo kilikuwa kwamba mgonjwa ameze dawa mbele ya macho ya mtu mwingine, ili asikatize matibabu. Mwanzoni wagonjwa walilazwa wodini kwa miezi miwili ya kwanza. UKIMWI ulipoingia na idadi ya wagonjwa kuongezeka, wodi zilifurika, na wagonjwa waliotakiwa kufika kituoni kila siku walishindwa kwa umbali na nauli.

Ndipo likaulizwa swali: je, ni lazima macho hayo yawe ya mwuguzi? Huko Kilombero, na tena Temeke jijini Dar es Salaam, wagonjwa waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Kundi moja lilisimamiwa kituoni, na la pili lilisimamiwa nyumbani na ndugu au na mtu wa karibu katika jamii. Matokeo ya Kilombero yalitolewa mwaka 2003, na ya Temeke mwaka 2004. Katika wagonjwa 587 wa Temeke, waliofaulu matibabu walikuwa asilimia 85 kwa waliosimamiwa katika jamii, na asilimia 83 kwa waliosimamiwa kituoni. Maana yake ni kwamba ndugu aliyefundishwa hakuwa duni kuliko kituo. Kutokana na ushahidi wa namna hii, nchi ilibadili utaratibu: mgonjwa akapewa haki ya kuchagua kumezea dawa nyumbani au kituoni, na aliyechagua nyumbani akamteua mwenyewe mtu wa kumsimamia.

Tunawaomba wasomaji wayaangalie kwa makini masharti ya mafanikio hayo. Msimamizi alichaguliwa na mgonjwa, hakuteuliwa na ofisi. Alipewa kazi moja inayoeleweka. Alifundishwa kazi hiyo. Alikuwa na kadi ya kuweka alama kila dawa inapomezwa. Dawa zenyewe zilikuwapo, tena bila malipo. Na kituo kiliendelea kufuatilia. Ukiliondoa hata sharti moja kati ya hayo, jengo lote hutikisika.

Mfano wa pili ni wa mtoto anayezaliwa kabla ya wakati. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba mtoto wa namna hiyo lazima kwanza atengwe katika mashine ya joto, na mama aruhusiwe kumpakata baadaye hali inapotulia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanywa katika hospitali za Ghana, Uhindi, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliwahusisha watoto 3,211 waliozaliwa na uzito mdogo. Kundi moja lilitunzwa kwa kawaida ya zamani. Katika kundi jingine mtoto aliwekwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa, na mama alipochoka au alipougua, bibi, shangazi au ndugu mwingine alishika zamu. Katika siku 28 za kwanza walifariki asilimia 12 ya watoto waliokumbatiwa mapema, ikilinganishwa na karibu asilimia 16 ya wale wengine. Tofauti ilikuwa kubwa hata utafiti ukasitishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwanyima watoto wengine matunzo hayo.

Tafsiri ya matokeo hayo kwa mahali kama Kamsamba iko wazi. Kifua cha mama na cha bibi ni kifaa cha tiba. Hakihitaji umeme wala fundi kutoka Mbeya. Lakini kinahitaji kitanda, kiti cha kuegemea, kitenge, faragha, chakula cha anayepakata, na mwuguzi anayejua kuelekeza. Kituo kinachomfukuza bibi mlangoni kwa sababu "saa ya kutazama wagonjwa imekwisha" kinakifukuza kifaa chake chenyewe.

Mfano wa tatu unawahusu wajawazito. Mwaka 2013 wataalamu walikusanya pamoja matokeo ya majaribio saba yaliyofanyika Bangladesh, Uhindi, Nepal na kwa jirani zetu wa Malawi. Katika majaribio hayo wanawake walikutana kila mwezi katika vikundi, wakaainisha wenyewe matatizo ya uzazi na ya watoto wachanga, wakachagua la kufanya, wakalifanya, kisha wakapima walichopata. Kwa jumla vikundi hivyo viliambatana na upungufu wa asilimia 37 wa vifo vya wazazi na asilimia 23 wa vifo vya watoto wachanga. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani likayakubali na kuyapendekeza. Hata hapo kuna sharti: faida ilikuwa kubwa zaidi pale ambapo angalau asilimia 30 ya wajawazito wa eneo walihudhuria. Kikundi cha wake wa viongozi na majirani zao wanne hakitaokoa kata.

Mfano wa nne unatoka Bangladesh, na bonde letu lina sababu ya kuusikiliza. Mwaka 2018 Wilaya ya Momba ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizokumbwa na kipindupindu. Maradhi hayo huua kwa kukausha maji mwilini, nayo huweza kuua katika saa chache, muda ambao ni mfupi kuliko safari za wengi kwenda kituoni. Kati ya mwaka 1980 na 1990 shirika la BRAC la Bangladesh lilipeleka wafanyakazi wake nyumba kwa nyumba, katika kaya zaidi ya milioni 12, kuwafundisha akina mama kutengeneza maji ya chumvi na sukari guru. Jambo lililotofautisha mpango huo ni namna ya kulipa. Mfanyakazi hakulipwa kwa idadi ya nyumba alizotembelea. Baada ya muda wakaguzi walirudi katika baadhi ya nyumba, wakamwuliza mama anakumbuka nini, wakamwomba atengeneze maji hayo, na malipo yakategemea mama alivyofaulu. Ilipogundulika kwamba akina mama walijua lakini hawakutumia, watu wa BRAC walitafuta sababu, wakaona miongoni mwa mengine kwamba wanaume walikuwa wameachwa nje ya mafunzo. Wakaanza kuwafundisha wanaume pia.

Siku hizi tuna pakiti za chumvichumvi na vidonge vya zinki, na mama hana haja ya kukisia kipimo cha chumvi. Lakini somo la Bangladesh halijazeeka. Elimu hupimwa kwa kile alichobaki nacho aliyefundishwa. Hesabu ya vipeperushi vilivyogawiwa haituambii kitu.

Sasa tutazame mbegu zilizooza, maana ukweli una pande mbili. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya kuvutia kutoka Uganda. Katika zahanati 25 wananchi walikutana na watumishi, wakaoneshwa hali ya huduma zao, wakapanga kuzirekebisha, na baada ya mwaka mmoja vifo vya watoto vilikuwa vimepungua kwa theluthi. Dunia ilishangilia, na miradi ya namna hiyo ikaenea kila mahali. Lakini utafiti mkubwa zaidi uliofanyika baadaye huko huko Uganda haukuona vifo vikipungua. Nasi hapa Tanzania, katika vijiji vya mikoa ya Dodoma na Tanga, wananchi walipewa taarifa za huduma za uzazi na kusaidiwa kupanga hatua zao wenyewe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021, pamoja na yale ya Indonesia, yalionesha kwamba kwa wastani huduma hazikubadilika. Na huko Uhindi, mwaka 2017, ilionekana kwamba kuwafundisha ndugu wa waliopatwa na kiharusi ili wawafanyishe mazoezi nyumbani hakukuwaongezea wagonjwa nafuu kuliko huduma ya kawaida.

Je, tukate tamaa? La hasha. Mifano hiyo, ikiwekwa kando ya ile ya kwanza, inatufundisha kanuni moja. Ndugu wa mgonjwa huleta mabadiliko anapopewa kazi mahususi iliyo ndani ya uwezo wake, akafundishwa mpaka akaimudu, akawa na vifaa vyake, na akawa na mtaalamu wa kumfuata anapokwama. Halikadhalika, wananchi waliokusanywa na kupewa taarifa peke yake, bila dawa kuwapo, bila watumishi kuongezwa na bila mamlaka juu ya fedha, hurudi nyumbani wakiwa na ujuzi wa matatizo yao na bila njia ya kuyaondoa.

Kwa kuzingatia kanuni hiyo, tunapendekeza mambo yafuatayo kwa kituo cha afya cha Kamsamba, kwa zahanati za bonde lote, na kwa Halmashauri ya Wilaya ya Momba.

Kwanza, utaratibu wa kifua kikuu upanuliwe. Kila mgonjwa wa maradhi ya muda mrefu, kama kisukari, shinikizo la damu na kifafa, aulizwe kama anapenda kumtaja mtu wa kumsaidia, na jina la mtu huyo liandikwe katika kadi yake. Tunasisitiza neno "anapenda". Mgonjwa anayo haki ya kusema hapana. Kwa maradhi kama UKIMWI, Sheria ya mwaka 2008 inalinda siri ya mgonjwa, na wapo wanawake ambao kumjulisha ndugu asiyefaa kungewaletea kipigo badala ya msaada. Ni kweli wahenga walinena kwamba mficha maradhi kilio humfichua, lakini mwenye maradhi ndiye mwenye haki ya kuamua amfunulie nani.

Pili, mgonjwa na anayemuuguza wasiondoke kituoni kabla ya kurudia maelezo kwa maneno yao wenyewe. Mwuguzi aseme: "Mama, hebu nieleze utampaje mtoto dawa hii ukifika nyumbani." Akikosea aelekezwe tena, bila kufokewa. Wasiokijua vizuri Kiswahili, hasa wazee, waelezwe kwa Kiwanda, Kinyamwanga au lugha nyingine ya nyumbani. Jambo hili huchukua dakika mbili au tatu, halihitaji bajeti, na huzuia makosa ambayo yangemrudisha mgonjwa akiwa mahututi.

Tatu, pawepo mahali pa staha kwa wanaouguza. Mama wa mtoto njiti na msaidizi wake wapewe nafasi ndani. Ndugu waliotoka mbali wapate jiko, maji, choo na pa kulala. Msimu wa mvua ndio msimu wa kulima mpunga, na kila siku anayokaa mwanamke kituoni ni siku ambayo shamba lake linamwita. Tusiongeze juu ya mzigo huo adha ya kulala chini ya mti.

Nne, vikundi vya wanawake vilivyopo, vya kuweka na kukopa, vya dini na vya kilimo, vitumike kuwafikia wajawazito wengi iwezekanavyo. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao wa kitaifa ulizinduliwa mwaka 2024, waviongoze. Na kazi yao ipimwe kwa njia ya Bangladesh: anakumbuka nini mjamzito, na anajua nini mumewe, juu ya dalili za hatari na safari ya kituoni?

Tano, kamati ya usimamizi ya kituo iwe na meno. Tangu mwaka wa fedha 2017/2018 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya hupelekwa moja kwa moja katika akaunti za vituo. Kamati yenye wajumbe wa wananchi ndiyo inayopaswa kuzijua fedha hizo, kuzipangia na kutangaza matumizi yake. Wajumbe wafundishwe kusoma hesabu, na miongoni mwao awepo mtu aliyewahi kuuguza kwa muda mrefu. Huyo anajua ni usiku gani sindano zilikosekana.

Wapo watakaosema kwamba watumishi ni wachache na muda hakuna. Uchache wa watumishi ni kweli, na ndiyo sababu mojawapo ya kuyasema haya, kwa kuwa mgonjwa anayerudi mara tatu kwa kosa lile lile hula muda mwingi kuliko anayefundishwa vema mara moja. Wapo pia watakaohofu kwamba Serikali itapata kisingizio cha kuwatupia akina mama kazi ya wauguzi. Hofu hiyo tunaiheshimu, na tunasema wazi: ndugu aliyefundishwa hawezi kuziba nafasi ya mwuguzi ambaye hakuajiriwa, wala upendo wa mke hauwezi kuwa badala ya dawa iliyokosekana stoo. Utafiti wa Uhindi umetuonya kwamba si kila kazi ya kitaalamu inaweza kuhamishiwa nyumbani. Wajibu wa Serikali uko pale pale.

Nao wagonjwa na ndugu zao wana wajibu wao. Waulize wasipoelewa. Wasione haya kutaka jina la dawa na sababu ya kupewa. Waeleze ukweli wa dawa za kienyeji walizokwisha kutumia. Wasikatize matibabu kwa sababu kikohozi kimekoma. Na wanaume wa bonde letu wakumbuke kwamba kuuguza si kazi ya wanawake peke yao. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kamsamba haihitaji kungoja hospitali ya ghorofa ili kuanza. Kadi zipo, vikundi vipo, mama na bibi wapo, na ushahidi upo. Tunautaka uongozi wa Wilaya ya Momba uchague mawili kati ya mapendekezo haya, uyatekeleze kwa mwaka mmoja, kisha uwatangazie wananchi kwa takwimu kilichopatikana: wangapi walimaliza dawa, na watoto njiti wangapi waliondoka kituoni wakiwa hai mikononi mwa mama zao.